Monstera ya Ndani: Mwongozo Kamili wa Kuipanda, Kuikweza na Kuitunza

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ile monstera, mmea wa mapambo unayouona kwenye picha za watu, majani mapana kama ungo, kingo zimepasuka na katikati yametobokatoboka, haikufika pale kwa sababu mwenyewe ana mkono mzuri wa kupanda. Nyuma ya majani yale kuna nguzo, na chini yake kuna udongo unaopitisha hewa. Wengi wetu tuna mmea uleule. Tuliupata ukiwa na majani matano, na miaka mitatu baadaye una majani manane madogo, yamelala huku na huko kama mgeni aliyekosa kiti. Hauna ugonjwa. Umekosa pa kukwea.

Mwongozo huu unahusu monstera ya majani makubwa, Monstera deliciosa kwa jina la kitaalamu. Hata hivyo, karibu kila hatua inafaa pia kwa jamaa zake wanaokwea: filodendro, pothosi, na ile monstera ndogo yenye matundu mengi, Monstera adansonii.

Kwanza, ujue ulikotoka

Kwao ni misitu ya mvua kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama. Aliyeupa jina lake la kisayansi ni mtaalamu wa mimea wa Denmaki, Frederik Liebmann, mwaka 1849. Neno deliciosa ni la Kilatini, maana yake tamu, kwa sababu ya tunda lake. Tunda hilo usilitarajie sana, maana ndani ya nyumba ni nadra mmea huu kutoa hata ua.

Msituni mbegu huota chini, kwenye kiza cha miti mikubwa. Mche hutafuta shina la mti, ukilifikia huanza kukwea, ukishika gome kwa mizizi inayotoka kwenye shina lake wenyewe. Namna miche hii inavyoutafuta mti ndiyo iliyonishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Mwaka 1975 watafiti wawili, Donald Strong na Thomas Ray, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Kosta Rika juu ya aina nyingine ya monstera. Sote tumefundishwa kwamba mmea hufuata mwanga. Miche hii ilifanya kinyume: ilitambaa kuelekea upande wenye giza zaidi, kwa kuwa giza lile ndilo shina la mti mkubwa. Ikishalifikia, ndipo hugeuka na kuufuata mwanga juu.

Hapo ndipo mahitaji yake yote yanapotoka. Mizizi imezoea gome na majani yanayooza, si matope. Majani yamezoea mwanga uliochujwa na miti mingine. Na shina limezoea kuegemea. Ukikwama kwenye hatua yoyote hapa chini, rudi kwenye picha ya mti huo, mara nyingi jibu utalipata mwenyewe.

Neno moja kuhusu matundu, maana ndiyo swali la kwanza la kila mtu. Mmea mchanga hauna. Majani yake ya mwanzo ni mazima, yenye umbo la moyo. Kadiri unavyokwea, kila jani jipya linakuwa kubwa kuliko lililotangulia, kingo zinaanza kupasuka, kisha yanakuja matundu madogo karibu na mshipa wa kati. Jani lililokwisha kufunguka bila tundu halitatoboka baadaye, kwa hiyo usilisubiri. Macho yako yawe kwa linalofuata. Kwa nini yatoboke? Mwaka 2013 Christopher Muir alitoa hoja kwamba chini ya msitu jua hufika kwa madoadoa, na jani lenye matundu hutanda eneo kubwa zaidi kwa nyama ileile, hivyo halikosi kudaka doa moja au jingine. Mimi hoja hiyo imenikaa.

Hatua ya 1: Mahali pa kuuweka

Weka mmea karibu na dirisha, mita moja hadi mbili, mahali unapoona anga ukikaa usawa wa majani. Dirisha la mashariki ni zuri kuliko yote, kwa kuwa jua la asubuhi halichomi. Jua la mchana likipiga moja kwa moja huacha mabaka ya rangi ya kahawia iliyopauka, makavu kama karatasi, na mabaka hayo hayaponi.

Kipimo changu ni kivuli. Mchana, nyoosha mkono kama sentimita 30 juu ya jani. Kivuli kikiwa na ukingo mkali kana kwamba kimekatwa kwa mkasi, sogeza mmea nyuma au weka pazia jepesi. Kivuli kikionekana lakini kingo zake zimefifia, hapo ndipo. Usipoona kivuli kabisa, kuishi mmea utaishi, ila kukua hautakua. Utarefusha vikonyo tu na kutoa majani madogo yaliyoachana mbali.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: monstera ina mbele na nyuma. Tazama shina kwa karibu. Upande mmoja vikonyo vya majani vinajitokeza, upande wa pili inatoka mizizi ya hewani, ile minene ya kahawia. Upande wa mizizi ndio mgongo, na ndio utakaoegemea nguzo. Upande wa majani uelekee dirishani. Ule ushauri wa kuzungusha chungu kila wiki unafaa mimea mingine. Ukiuzungusha mmea huu, unaukosesha mwelekeo.

Hatua ya 2: Chungu na udongo

Monstera yangu ya kwanza niliiua kwa mapenzi. Niliipanda kwenye udongo mweusi wa bustanini, chungu kikubwa mara tatu ya mizizi yake, chini nikatandika changarawe "maji yasituame". Baada ya miezi miwili majani yalianza kuwa ya manjano. Nikadhani ina kiu, nikaongeza maji. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa imegeuka uji, na harufu yake ilikuwa ya mtaro.

Kosa lilianzia mbali kabla ya maji. Chungu kikubwa kina udongo mwingi usio na mizizi ya kuunywa unyevu wake, hivyo unabaki umelowa siku nyingi. Changarawe nayo haisaidii kama inavyodhaniwa. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe yenye nafasi kubwa. Yanatuama pale udongo unapokomea, mpaka udongo ule ushibe. Kwa hiyo changarawe hupandisha tu ule ukanda wa tope ukawa karibu zaidi na mizizi. Kinachotoa maji ni matundu chini ya chungu, na mchanganyiko wenye vipande vikubwa kuanzia juu hadi chini.

Chagua chungu kinachozidi bonge la mizizi kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Cha udongo wa kufinyanga kinakauka haraka na ni kizito, hakipinduki mmea ukirefuka. Cha plastiki kinatunza unyevu zaidi. Kama unajijua una mkono mzito wa maji, chukua cha kufinyanga.

Mchanganyiko ninaoutumia ni vipimo vitatu vya vumbi la makumbi ya nazi au mboji iliyokomaa, viwili vya vipande vya magome ya mti vyenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na kimoja cha perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya kuchanganyia udongo) au mkaa uliopondwa. Makumbi ya nazi yaloweke na kuyasuuza kwanza, kwani mengine huja na chumvi. Ukimaliza kuchanganya, lowesha, fumbata konzi moja, kisha fungua kiganja. Ukibaki na donge kama la ugali, ongeza magome. Ukifumuka wenyewe, uko sawa.

Hatua ya 3: Nguzo

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotofautisha mmea wa pichani na ule wa kwako.

Nguzo ya kawaida ni mti au bomba lililozungushiwa usumba. Ubao mpana, mkavu, usiopigwa rangi nao unafaa, na kwa mmea mkubwa mimi naupenda zaidi kwa sababu hauyumbi. Chochote utakachotumia, kizidi urefu wa mmea kwa nusu mita hivi, maana kubadilisha nguzo baadaye ni kazi ya kuvunja mizizi.

Isimike kabla ya kujaza udongo, ifike chini kabisa ya chungu. Weka mmea mgongo ukigusa nguzo, jaza mchanganyiko huku ukitikisa chungu uingie kwenye mianya, bila kuushindilia. Kisha funga. Hapa wengi wanakosea: wanafunga vikonyo. Kikonyo kinatakiwa kiwe huru. Ukikikagua pale kinapokutana na jani utaona kama kiwiko, sehemu iliyovimba kidogo. Hicho kiwiko ndicho kinachogeuza jani kuufuata mwanga. Funga shina lenyewe, kwa utepe wa kitambaa, uache nafasi ya kupitisha kidole. Shina likiwa limeshakomaa na kugoma kunyooka, usililazimishe, linavunjika kama karoti. Livute kidogo kidogo, wiki hadi wiki.

Nguzo ya usumba inabidi iwe na unyevu, la sivyo mizizi ya hewani itaigusa na kuiacha. Kila unapomwagilia, mimina maji polepole kuanzia juu ya nguzo yateremke. Mizizi iliyo mbali na nguzo waweza kuielekeza kwenye udongo wa chungu, nayo itakunywa kama mingine. Ikikukera macho ukaikata michache, mmea haufi.

Usitegemee muujiza ndani ya wiki moja. Majani mawili au matatu yanayofuata ndiyo yatakayokuonyesha tofauti.

Hatua ya 4: Maji

Usimwagilie kwa kalenda. Mmea ulio dirishani wakati wa joto hunywa haraka, uleule kwenye kipindi cha baridi au mawingu hunywa nusu ya hapo. Ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili, kama sentimita 5. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, mwagilia. Kwa chungu kirefu tumia kijiti cha mbao: kichomeke hadi karibu na chini, kiache dakika chache, kitoe. Kikitoka cheusi na chenye udongo uliogandia, bado kuna maji.

Njia iliyo bora zaidi, ukishaizoea, ni uzito. Nyanyua chungu mara tu baada ya kumwagilia, mikono ikumbuke. Kinyanyue tena baada ya siku nne, tano. Kitakapokuwa chepesi hata ukashangaa, muda umefika.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Mimina kuzunguka chungu chote mpaka maji yatoke chini, subiri, rudia mara moja. Vijiko vya maji kila siku hulowesha juu na kuacha mizizi ya chini mikavu. Baada ya nusu saa mwaga kilichobaki kwenye kisahani.

Asubuhi moja moja utakuta matone safi yananing'inia kwenye ncha za majani, hata sakafuni. Usiogope. Usiku mizizi imeendelea kusukuma maji juu na jani linayatoa pembeni. Ikitokea kila siku, tafsiri yake ni kwamba udongo umelowa kupita kiasi.

Hatua ya 5: Joto, hewa na mbolea

Hapa sina maneno mengi. Nyuzi 18 hadi 30 za Selsiasi zinautosha, na ukiwa chini ya nyuzi 10 unaumia. Usiuweke mbele ya kiyoyozi wala hita. Kupulizia majani maji kwa chupa kunampa raha mpulizaji. Unyevu ule unakauka ndani ya dakika chache. Bora kukusanya mimea pamoja, na bora zaidi kufuta majani kwa kitambaa kibichi kila baada ya wiki mbili, juu na chini. Vumbi huziba mwanga, na ukiwa unafuta ndipo unapowaona wadudu mapema.

Mbolea ya maji yenye naitrojeni nyingi kuliko fosforasi inafaa. Itumie kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi, pale tu mmea unapotoa majani mapya. Usiiweke kwenye udongo mkavu, inaunguza mizizi, mwagilia kwanza. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hizo ni chumvi. Pitisha maji mengi safi yatoke chini, kisha pumzisha mbolea miezi miwili.

Hatua ya 6: Kuhamishia chungu kingine

Kila miaka miwili hivi, au mizizi ikianza kutokeza chini. Dalili nyingine ni maji kupita mbio bila kunyonywa. Fanya mmea ukiwa kwenye kipindi cha kukua, ongeza ukubwa wa chungu kwa kipimo kimoja tu, na uuache wiki kadhaa bila mbolea.

Hatua ya 7: Kuuzalisha

Hapa pana utapeli wa bila kukusudia: watu hupeana jani zuri na kikonyo chake, likawekwa kwenye maji, likakaa kijani miezi mingi, wakati mwingine likatoa hata mizizi, na lisiwe mmea kamwe. Shida ni kwamba jani peke yake halina jicho.

Tafuta kifundo. Pitisha kidole kwenye shina. Kila linapotoka jani utahisi mkanda mwembamba unaozunguka shina, kama pete. Hapo ndipo kifundo kilipo, na karibu yake kuna kinundu kidogo kama punje ya mtama, hicho ndicho jicho. Kipandikizi kizuri kina kifundo kimoja, jani moja, na ikiwezekana mzizi wa hewani ulioanza.

Kata sentimita 2 hadi 3 chini ya kifundo kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Acha kidonda kikauke saa chache. Kisha kitumbukize kwenye maji, kifundo kizame, jani libaki nje. Badilisha maji kila wiki, au mara tu yakichafuka. Mizizi huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, mingine inachelewa zaidi. Ikifika sentimita 7 hivi na kuanza kutoa matawi, hamishia kwenye udongo. Usingoje irefuke sana, maana mizizi iliyozoea maji inasumbuka ikiingia udongoni. Wiki mbili za mwanzo weka udongo na unyevu kuliko kawaida, kisha punguza taratibu.

Kama monstera yako ni ile yenye mabaka meupe, angalia shina kabla ya kukata. Kifundo kilichopo kwenye sehemu ya shina yenye michirizi ya rangi zote mbili ndicho chenye matumaini. Kikitoka kwenye kijani kitupu, mara nyingi huleta kijani kitupu. Kikitoka kwenye nyeupe tupu, mmea hautajilisha, kwa kuwa sehemu nyeupe haitengenezi chakula.

Mambo yakiharibika

Jani moja la chini kabisa likiwa la manjano, ni uzee, likate. Majani mengi kwa mpigo yakiwa ya manjano na udongo umelowa, fikiria mizizi. Toa mmea, osha mizizi, kata yote iliyo laini na inayonuka, acha ile imara yenye rangi nyeupe au kahawia hafifu. Panda upya kwenye mchanganyiko mpya na chungu kidogo zaidi. Mwagilia mara moja na uwe mgumu wa moyo baada ya hapo.

Ncha kavu za kahawia kwa kawaida ni kiu ya mara kwa mara au chumvi za mbolea. Madoa meusi yenye duara la manjano ni dalili ya unyevu mwingi na hewa isiyotembea.

Wadudu wanne ndio wasumbufu. Utitiri husuka utando mwembamba chini ya jani. Vidung'ata ni wale weupe kama vipande vya pamba, hupenda kujificha kwenye kwapa za vikonyo. Wadudu gamba hukaa kama vipele vya kahawia visivyosogea. Vithiripi ndio wabaya kuliko wote: huacha mng'ao wa fedha na vidoa vyeusi vya kinyesi, na hulivamia jani likiwa bado limejikunja, hivyo linafunguka likiwa limeharibika. Tenga mmea siku hiyohiyo. Usuuze kwa maji yenye nguvu, kisha pulizia sabuni ya kuua wadudu wa mimea, juu na chini, kila baada ya siku tano hadi saba, kwa mwezi mzima. Mayai hayafi kwa dawa ya siku moja, ndiyo maana anayepulizia mara moja hurudi kulia baada ya wiki mbili.

Jingine la tahadhari: utomvu na majani yana fuwele za kalsiamu oksaleti, ndogo na kali kama sindano. Mtoto, paka au mbwa akitafuna, mdomo utawaka na kuvimba, na mate yatamtoka. Weka mmea wasipofika, vaa glavu ukikata, usijishike macho. Hata tunda lenyewe likiwa bichi lina fuwele hizo. Huchukua mwaka au zaidi kuiva, na huliwa pale tu magamba yake ya kijani yanapodondoka yenyewe.

Kama tayari unao uliotapakaa

Mmea wenye shina refu, kipara chini na majani juu, hauhitaji kutupwa. Kata kichwa chake chenye majani matatu au manne pamoja na vifundo, kioteshe kama ilivyoelezwa, kisha ukipande kwenye nguzo tangu siku ya kwanza. Sehemu ya katikati isiyo na majani igawe vipande vyenye kifundo kimoja kimoja, vilaze juu ya usumba wenye unyevu, vikifukiwa nusu tu, jicho likitazama juu. Kisiki kilichobaki chunguni kiache palepale na upunguze maji, kwa kuwa hakina tena majani ya kuyatumia. Baada ya wiki kadhaa jicho la juu litavimba, lichane ganda lake, litoe ncha ya kijani. Jani lake la kwanza huenda likawa dogo, la umbo la moyo, bila tundu hata moja.